Siku Zilizoachwa Wazi Daftarini

Nilimwaibisha mwanamke mmoja mbele ya watu, katika ukumbi wa parokia mjini Kasese, na nilifanya hivyo nikiwa na uhakika kabisa kwamba niko sahihi. Naanza hapo kwa sababu utafiti wangu wa shahada ya uzamivu ulikuja kuwa kazi ya kweli siku nilipotambua kwamba aliyekuwa sahihi ni yeye.

Ilikuwa katikati ya muongo uliopita. Nilikuwa nasoma takwimu katika chuo kikuu kimoja cha Kampala, na kazi yangu, nikiieleza kwa maneno ya nyumbani, ilikuwa kuifundisha kompyuta kutabiri mto. Wazazi wangu walilima mahindi na pamba karibu na Kinyamaseke, bondeni, mahali ambapo mto ukishatoka milimani unapata nafasi ya kutanuka. Tangu utotoni nilijua kwamba mvua inayotudhuru sisi hainyeshi kwetu. Inanyesha huko juu, Kyarumba na kuendelea, huku kwetu jua linawaka na watu wameanika muhogo. Maji yanafika baadaye. Nikawaza: kama tutajua kila asubuhi mvua iliyonyesha juu ni kiasi gani, kompyuta inaweza kujifunza uhusiano kati ya mvua ile na kimo cha mto, kisha ikatuonya mapema.

Basi nilitafuta watu wa kujitolea katika vijiji kumi na vinane, kuanzia milima ya Kyarumba hadi Bwera mpakani. Kila mmoja nilimpa kipimamvua, yaani chupa ndefu yenye alama ubavuni na mdomo mpana juu, nikampa na daftari na kalamu. Kila siku saa moja asubuhi alipaswa kusoma maji yamefika alama gani, aandike, anitumie namba ile kwa simu, kisha amwage maji. Nilirudia sentensi moja kwa wote: "Andika unachokiona."

Baada ya miaka miwili niliwaita wote pale ukumbini. Nilinunua soda na mandazi, nikavaa koti. Nilikuwa nimeyapitia madaftari yote na nilikuwa na la kusema. Nilinyanyua daftari la Hajji mmoja wa Bwera, dereva mstaafu wa malori ya njia ya Beni, Congo. Lilikuwa zuri kuliko yote: mistari imepigwa kwa rula, hakuna siku hata moja iliyorukwa. Watu wakapiga makofi. Hajji akasimama, akashika kofia yake, akaketi.

Kisha nikanyanyua daftari la mama mmoja wa Kyarumba, mkulima wa kahawa. Lilikuwa na doa la chai kwenye jalada na lilikuwa na matundu ndani yake: siku mbili hapa wazi, siku moja kule, siku tatu mfululizo mwezi wa Novemba.

"Daftari kama hili," nikasema, "linaharibu kazi ya wenzako wote. Kompyuta haiwezi kujifunza kutoka kwenye karatasi tupu."

Mama yule hakujitetea. Aliangalia viganja vyake, akasema, "Nimesikia." Jioni ile alirudi Kyarumba kwa miguu sehemu kubwa ya njia, kwa sababu boda boda hazikubali kupanda mpaka kwake.

Yale matundu sikuyaacha hivyo. Tunafundishwa njia kadhaa za kuziba pengo la data, nami nilichukua iliyo rahisi: siku isiyo na namba niliijaza wastani wa siku zilizoitangulia. Kulikuwa pia na siku chache ambazo mto ulipanda sana ilhali mvua ya madaftarini haikutosha kuupandisha. Hizo nilizihesabu kuwa makosa ya kifaa cha kupimia mto, nikazifuta. Nikaifundisha modeli, yaani ile programu ya kutabiri, nikaijaribu, ikafaulu vizuri sana. Msimamizi wangu, profesa mtaratibu asiyesifu ovyo, alitazama michoro yangu, akasema, "Hii ni tasnifu." Nilitoka ofisini kwake nikitembea kama bibi harusi.

Msimu wa mvua uliofuata baba alinipigia simu alasiri moja, nikiwa maktaba.

"Mashine yako imesema nini leo?"

Nilikuwa nimeitazama asubuhi. "Imesema hali ya kawaida, baba."

"Basi iulize hiyo kawaida iko upande gani," akasema, "maana mimi na mama yako tumesimama juu ya meza."

Hakuna aliyekufa kwetu siku ile, nashukuru Mungu. Lakini mbuzi walikwenda na maji, mahindi ya ghalani yalilowa yote, na ukuta wa jirani ulianguka ndani. Kesho yake nilipanda basi la alfajiri. Nilishuka njia panda ya Kikorongo kwa sababu barabara ya kuelekea kwetu ilikuwa imekatika na malori yalikuwa yamepanga foleni ndefu, madereva wamelala chini yake. Wanawake waliouza mahindi ya kuchoma walikuwa na siku njema. Nilikaa juu ya begi langu, nikafungua kompyuta, nikatafuta namba za asubuhi ya jana yake, kijiji kwa kijiji. Nilitaka kujua nani amenidanganya.

Mstari wa Kyarumba ulikuwa na namba ndogo, ya mvua ya manyunyu tu. Nikaanza kukasirika. Kisha nikaona alama ya nyota pembeni yake. Nyota ile niliiweka mwenyewe katika programu, na maana yake ilikuwa moja: msomaji hakutuma kitu, namba hii imejazwa na kompyuta. Yule mama hakuwa ameandika uongo wowote. Namba ya uongo ilikuwa yangu.

Sikungoja barabara ifunguliwe. Nilirudi nyuma kidogo, nikapata boda boda aliyejua njia za pembeni, na alipokataa kuendelea nikapanda kwa miguu. Vijia vya Kyarumba ni vikali, na siku ile vilikuwa utelezi mtupu. Nilipishana na wanawake wenye magunia ya maharage kichwani wakinitazama nilivyokuwa nikishika majani ili nisianguke. Mama yule nilimkuta akizibua mfereji nyuma ya jiko lake. Udongo ulikuwa umeteremka mpaka kwenye migomba. Aliponiona aliosha mikono, akaniletea kigoda, akaniuliza kwanza habari za wazazi wangu. Tulizungumza Lhukonzo, hapa nayaandika maneno yake kwa Kiswahili.

"Mama," nikasema, "jana hukutuma namba."

"Sikutuma."

"Kwa nini?"

Alikwenda ukutani, akaleta kile kipimamvua, alichokuwa amekichomoa mahali pake, na kukiweka mbele yangu. "Asubuhi nilikuta kimejaa mpaka hapa mdomoni. Kilikuwa kimemwagika. Hata chini palikuwa na dimbwi. Wewe ulisema niandike ninachokiona. Mwisho wa mvua ile sikuuona. Ningeandika nini?"

"Ungeandika alama ya mwisho, ya juu kabisa."

Akatikisa kichwa. "Nikiandika hiyo, nitakuwa nimesema mvua iliishia hapo. Haikuishia hapo."

Nilimuuliza kuhusu zile siku tatu za Novemba. Akazikumbuka moja moja. Ya kwanza chupa ilifurika. Ya pili na ya tatu njia ya kwenda uwanjani ilikuwa imeporomoka, na kifaa tulikuwa tumekifunga kule uwanjani, mbali na miti, kama nilivyomwagiza. Nikafungua daftari lake lenye doa la chai, tukapitia kila siku iliyoachwa wazi. Mbili alikuwa mazishini. Moja alikuwa mgonjwa. Zote zilizobaki zilikuwa siku za mvua kubwa.

"Mama, kwa nini hukuniambia haya siku ile ukumbini?"

"Ulikuwa unazungumza," akasema, "na watu walikuwa wanakusikiliza."

Hakusema kwa uchungu. Alikuwa ananijibu tu. Alinipa ndizi na maharage, nikala zote, kisha nikamsaidia kuzibua mfereji mpaka jua likaanza kushuka. Nilipoaga nikamwambia, "Wasingya," asante, naye akanicheka kwa jinsi nilivyochafuka.

Kazi niliyoifanya wiki zilizofuata, katika chumba changu cha zamani nyumbani ambacho bado kilinuka matope, ndiyo kazi ninayojivunia kuliko nyingine zote. Nilizirudisha zile siku za mto nilizozifuta. Kisha nikazipanga siku zilizoachwa wazi katika madaftari yote kumi na manane, nikaziweka kando ya kimo cha mto. Hazikuwa zimetawanyika ovyo. Zilikaa mbele ya kila kupanda kwa mto, kama watu waliotangulia kubisha hodi. Nilikuwa nimeifunza kompyuta kwa miaka miwili kwamba mvua kubwa haipo duniani: pale iliponyesha nilijaza wastani, na pale mto uliposhuhudia nikamfukuza shahidi. Kisha nikaipima modeli kwa data zilezile nilizozitia dosari kwa mkono wangu. Ingeachaje kufaulu?

Dawa yake katika takwimu ipo, na si ya kutisha. Siku ambayo chupa imefurika hatujui mvua ilikuwa kiasi gani, lakini tunajua haikuwa chini ya alama ya juu. Hiyo tayari ni habari, tena habari nzito, na hesabu inaweza kuibeba hivyo hivyo ilivyo: "si chini ya hapa." Na siku ambayo msomaji hakufika kabisa, ukimya wake nao una uzito, kwa sababu watu hushindwa kufika zaidi mvua ikiwa kubwa. Niliandika modeli mpya yenye sehemu mbili zinazojifunza pamoja: moja ya mvua yenyewe, nyingine ya kwa nini namba ikakosekana. Niliirudisha nyuma mpaka ile siku ya meza. Safari hii ilipaza sauti.

Lakini kulikuwa na kituo kimoja ambacho modeli mpya haikuelewana nacho: Bwera. Vituo jirani vikipanda ghafla, Bwera kulipanda polepole. Vikishuka, Bwera kulishuka kwa adabu. Nilitazama namba zile kwa makini, nikaona kitu ambacho mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekiona kama asingekuwa ameshughulika kulisifu daftari. Karibu zote ziliishia na sifuri au tano. Na hakukuwa na pengo hata moja, hata siku ambazo wilaya nzima ilifungiwa ndani na mvua.

Nilikwenda Bwera bila kutoa taarifa, saa moja kasoro asubuhi. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Hajji alinipokea kwa furaha, mkewe akaweka chai ya tangawizi na chapati. Kiswahili cha Hajji kilikuwa cha mpakani, cha miaka mingi ya kuvuka kwenda Congo na kurudi.

"Karibu, mwalimu. Muli muzuri? Leo unakuja kusoma na miye?"

"Leo nataka tusome pamoja, Hajji."

Tukatoka uani. Akakichomoa kifaa, akakinyanyua mbele ya uso wake, akakigeuza kuelekea kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba ubavuni. "Kumi na tano," akasema kwa sauti ya kiongozi.

Maji yalikuwa juu kidogo ya ishirini na nane.

Mkewe, aliyesimama mlangoni na birika mkononi, ndiye aliyesema. "Mwambie sasa. Mwambie, ama nitamwambia miye."

Hajji alikaa juu ya tairi kuukuu la lori lililokuwa uani pale. "Macho ilikwisha, mwalimu," akasema. "Ilianza kidogo kidogo. Sasa niko naona mutu kama kivuli tu. Lakini mvula niko naisikia pa mabati. Miaka yote nilikuwa naendesha lori, nilikuwa najua mvula kwa sauti. Ikipiga hivi, nasema kumi. Ikipiga vile, nasema makumi tatu. Haikuwa bongo, sikukudanganya. Ni vile nilikuwa nasikia."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulininyanyua mbele ya batu." Akatabasamu kidogo, kwa aibu. "Sasa mutu ataanguka vipi kutoka pale?"

Nilikuwa nimekuja na hasira iliyoandaliwa vizuri njia nzima, na haikunifaa kitu. Daftari lile zuri lilikuwa kazi yangu kama lilivyokuwa yake. Niliwafundisha wale watu kumi na wanane kwamba ninachopenda ni ukurasa uliojaa. Nikamwambia kweli: namba zake za zamani siwezi kuzitumia, nitaziondoa, lakini kituo cha Bwera nakihitaji. Mkewe akaniuliza alama zile zinasomwaje. Nikamwonyesha mara moja. Akasoma: ishirini na nane. Hajji akaomba daftari, akaandika namba ile kwa mwandiko wake mkubwa mzuri, mistari bado imenyooka kwa rula aliyoisikia kwa vidole.

"Yeye anasoma, miye niko naandika," akasema. Wakaendelea hivyo mpaka mwisho wa utafiti. Mwaka uliofuata alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na alinipigia simu kunisomea kimo cha maji yeye mwenyewe, nusu kwa nusu milimita, mpaka nikamwomba apunguze.

Msimamizi wangu hakufurahi mara moja. Nilimpelekea modeli mpya, sura ya tasnifu iliyovunjwa, na kituo kimoja pungufu.

"Unaelewa kwamba umejirudisha nyuma mwaka mzima?" akaniuliza.

"Naelewa, Profesa."

"Kituo cha Bwera ungeweza kukiondoa kimya kimya. Vituo kumi na saba vinatosha. Hakuna mtahini atakayeuliza."

"Nitakiandika," nikasema. "Nitaandika kwamba nilimsifu mtu kwa ukamilifu na nikapata ukamilifu. Na nitaandika kwamba mapengo niliyoyazomea ndiyo yaliyobeba mafuriko. Hiyo ndiyo sura muhimu kuliko zote nilizonazo. Zile nyingine wengine wameshaziandika."

Alizungusha kalamu yake mezani. Nilikuwa nimezoea kumwogopa mtu yule, na siku ile sikumwogopa. Nilikuwa nimeiona hesabu ikisimama kwa miguu yake. Akasema, "Basi iandike vizuri." Akaniazima vitabu vitatu.

Kabla ya kuendelea niliwaita tena wasomaji wote Kasese. Niliomba radhi kwa yule mama kwa sauti ileile niliyomkaripia nayo, mbele ya watu walewale. Nilieleza alama mpya ya daftari: chupa ikifurika, chora mshale wa kupanda juu. Usipofika, andika kwa nini. Mtu wa Kikorongo akauliza, "Na nikisahau tu?" Nikamwambia aandike, "Nimesahau." Watu wakacheka, na msimu ule nilipokea "nimesahau" tisa, na kila moja nilifurahi kuipata. Mama wa Kyarumba alinyoosha mkono, akasema chupa ile ni fupi mno kwa mvua ya kwao, nipeleke ndefu. Miaka miwili mizima hilo halikuwa limenipitia akilini. Nikapeleka ndefu.

Siku ya kuitetea tasnifu, mtahini kutoka nje alifungua ukurasa wa mishale na visingizio, akaniuliza kwa upole wenye meno, "Unaomba tuamini kwamba karatasi tupu ni data?"

"Siombi muamini," nikajibu. "Ukurasa unaofuata una jedwali la modeli mbili. Ya kwanza haizitazami karatasi tupu, ya pili inazitazama. Tafadhali soma ni ipi iliyouona mto."

Akasoma. Alichukua muda wake, nami nikanywa maji. Maswali yaliyofuata yalikuwa magumu zaidi, lakini yalikuwa ya aina nyingine, ya mtu anayetaka kujua. Niliyajibu yote isipokuwa moja, na lile moja nilisema silijui, na bado nalifanyia kazi.

Nilirudi Kasese kabla hata ya mahafali. Msimu ulikuwa umeanza. Asubuhi moja, kama saa tatu, mwenyekiti wa kijiji chetu, aliyekwisha kupata onyo langu, alinipigia simu, mtu ambaye hadi hapo alikuwa akiniita "binti wa kompyuta."

"Daktari, hapa jua kali. Watu wanauliza kama unachosema ni kweli."

Mbele yangu skrini ilikuwa na mishale minne ya kupanda juu, na kijiji kimoja kilichokuwa kimya. "Ni kweli," nikamwambia. "Hameni mapema. Mbuzi kwanza, kisha chakula. Maji yatakuwa hapo alasiri, naona kati ya saa nane na saa kumi. Huenda nikakosea kwa saa moja. Kwamba yanakuja, hapo sikosei."

"Jua hili lote?"

"Jua hilo lote."

Nilisikia akigeuka, akiwaambia watu waliosimama karibu naye. Kisha sauti ya baba, mbali kidogo na simu, ikiwaamuru wafungue zizi. Maji yalifika saa tisa na dakika chache, ya rangi ya kahawa, yakapita katikati ya nyumba zilizokwisha kuhamwa.